Mayai ya Bi Snowball

Sogeeni, wanangu, nafasi ipo. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina bibi wa miaka 72, rimoti ya televisheni, majarini na mayai, nayo ni ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwezi wa Mei mwaka 1984, katika mji wa Gateshead kaskazini mwa Uingereza, Bi Jane Snowball alikaa sebuleni kwake, akashika rimoti, akabonyeza. Kwenye kioo cha televisheni yakatokea majina ya vitu vilivyouzwa katika supamaketi ya Tesco. Akachagua majarini, boksi la konfleksi na mayai. Oda yake ikapita kwenye waya wa simu ya mezani hadi dukani. Watu wa duka wakavikusanya vile vitu, wakavifunga, wakampelekea hadi mlangoni. Bibi huyo hakuwa na kompyuta wala simu ya mkononi, na intaneti mnayoijua ninyi ilikuwa bado haijawafikia watu wa kawaida. Hata hivyo mayai yalifika bila yeye kuvuka kizingiti.

Aliyeufikiria mtambo ule alikuwa Michael Aldrich, mtu wa kompyuta kutoka kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1979 aliiunganisha televisheni na kompyuta kwa kutumia waya wa simu. Baadaye alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa matembezini na mkewe na mbwa wao, wakilalamikia ile safari ya kila wiki ya kwenda supamaketi. Halmashauri ya Gateshead ikaona faida yake kwa wazee na kwa watu wanaopata shida kutembea, ikaufanyia majaribio. Kwa hiyo kununua kwa kubonyeza ukiwa umekaa nyumbani kulianza kama msaada kwa wanyonge. Liwekeni hilo moyoni, kwa sababu hadithi hii ikisimuliwa siku hizi wasimulizi huanza kwa kutafuta mchawi. Husema intaneti ndiyo iliyoua maduka ya Uingereza, kisha hukunja jamvi wakaondoka. Mimi siukubali mkato huo. Intaneti ina sehemu yake na nitaitaja, lakini ilipofika ilikuta mgonjwa ameshalala kitandani, na waliomlaza walikuwa watu wenye majina na mikataba.

Kwanza muijue hiyo mitaa yenyewe. Karibu kila mji wa Uingereza una barabara kuu ya maduka, na mara nyingi barabara hiyo huitwa High Street. Aliyewahi kupita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, au Biashara Street ya Mombasa, ataelewa haraka: unakwenda kununua kitu kimoja, unakutana na watu watano unaowafahamu, unarudi na habari za mji mzima. Hapo palikuwa na duka la nyama, duka la viatu, benki, posta na duka la dawa. Na katikati yake yalikuwapo maduka makubwa yaliyomilikiwa na kampuni za nchi nzima, yale ambayo mtoto wa London na mtoto wa Liverpool waliyajua kwa jina moja.

Maduka hayo makubwa hayakuanza makubwa. Mwaka 1884 kijana mmoja aitwaye Michael Marks, Myahudi aliyekimbia kutoka Slonim, mji ambao leo uko Belarus, alipanga biashara yake kwenye meza katika soko la Kirkgate, mjini Leeds. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Ninyi mmewahi kupatana bei na mtu ambaye lugha yake huijui? Ni kazi ngumu. Marks akapata njia. Akavikusanya pamoja vitu vyote vya peni moja na kuweka kibao kilichosema: usiulize bei, ni peni moja. Mteja akawa haombi, habembelezi, wala haogopi kuaibika. Anaona, anashika, anatoa peni yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1894, Marks akaungana na Thomas Spencer, na hivyo ndivyo jina la Marks & Spencer lilivyozaliwa.

Kisha akaja Mmarekani. Frank Winfield Woolworth alikuwa mtoto wa mkulima katika jimbo la New York, na kwao alishafanikiwa na maduka ya bei ndogo zisizobadilika. Tarehe 5 Novemba 1909 alifungua duka lake la kwanza la Uingereza katika mtaa wa Church Street, Liverpool. Kitu cha bei ya juu kabisa mle ndani kiliuzwa peni sita. Kabla ya hapo, katika maduka mengi, bidhaa zilikaa nyuma ya kaunta. Ulimwomba muuzaji akuteremshie, naye alikupima kwa jicho kwanza kuona kama mfuko wako unatosha. Kwa Woolworth bidhaa zililala juu ya meza wazi, na bei zikionekana. Mfanyakazi wa bandari, mama mfua nguo, mtoto mwenye senti za kutumwa, wote waliruhusiwa kuingia, kutazama, kugusa na kutoka bila kununua. Kwa watu waliozoea kuangaliwa kwa dharau mlangoni, ile ilikuwa heshima.

Waingereza walilipenda duka lile hadi wakalipa jina la mzaha, Woolies. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 lilikuwa na matawi zaidi ya 1,000. Watoto walilijua kwa peremende: mapipa ya kila rangi yamepangwa, unachukua kijiko na mfuko, unachanganya upendavyo, kisha zinapimwa kwenye mizani. Wazee wengi wa Uingereza wanaweza kukuambia hadi leo walichanganya zipi.

Sasa turudi Gateshead, maana mji ule una mambo. Miaka miwili baada ya Bi Snowball kuletewa mayai, mwaka 1986, kando ya mji huohuo ilifunguliwa Metrocentre, jengo kubwa lenye maduka chini ya paa moja. Mjenzi wake, John Hall, alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe, na kiwanja chake kilikuwa mahali palipotupwa majivu ya kituo cha umeme. Wenyewe walipaona hapafai kwa lolote. Hall alipajaza maduka, akaweka maegesho ya maelfu ya magari, tena bila malipo. Sheffield ikafuata mwaka 1990 kwa Meadowhall, iliyojengwa pale viwanda vya chuma vilipokuwa vimekufa. Kent ikapata Bluewater mwaka 1999, ndani ya shimo la machimbo ya chokaa. Supamaketi nazo zikatoka mjini zikajenga majumba yao kandokando ya barabara kuu, zikaanza kuuza mkate, soksi, runinga na peremende mahali pamoja.

Mwenye gari alikwenda huko. Mvua hainyeshi ndani, maegesho ni bure, kila kitu kipo. Waliobaki na barabara ya zamani ni wazee, wasio na magari, na wale ambao mfuko hauwaruhusu. Muuza nyama akaona wateja wanapungua, akafunga. Alipofunga muuza nyama, jirani yake muuza mboga akakosa wale waliokuwa wakipitia kwake. Serikali ilipokuja kubana vibali vya kujenga nje ya miji, katikati ya miaka ya 1990, majumba mengi yalikuwa yameshasimama. Mengi ya hayo, wanangu, yalitokea wakati Jeff Bezos wa Amazon hajauza kitabu hata kimoja.

Nataka sasa niwaeleze namna duka linavyoweza kukamuliwa, na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo watu wazima wengi wanapopitiwa.

Chukueni duka linalomiliki jengo lake. Halidaiwi pango. Mauzo yakiwa mabaya mwaka huu, litavumilia hadi mwakani. Anakuja tajiri, analinunua kwa fedha nyingi za mkopo, na mkopo ule haubaki jinani mwake, unaandikwa kwa jina la duka. Kisha anauza majengo, na fedha anawagawia wenye hisa, naye ni miongoni mwao. Kuanzia siku hiyo duka linalipa riba ya mkopo ambao halikuuomba na pango la nyumba iliyokuwa yake. Kwa nje hakuna kilichobadilika: taa zinawaka, wauzaji wanatabasamu, nguo zimening'inia. Kwa ndani, kila shilingi inayobaki inatoka. Hakuna ya kupaka rangi, hakuna ya kununua kompyuta mpya, hakuna ya kutengeneza tovuti nzuri wakati washindani wanatengeneza zao.

Debenhams ilipitia humo. Mizizi yake ilianzia mwaka 1778, katika duka la vitambaa la mtaa wa Wigmore, London, kabla hata Malkia Victoria hajazaliwa. Lilipita vita viwili vya dunia likiwa limesimama. Mwaka 2003 lilinunuliwa na kampuni za uwekezaji. Katika miaka mitatu hivi wamiliki hao walijilipa gawio la zaidi ya pauni bilioni 1, wakauza majengo ya maduka 23 na kuyapangisha tena kwa mikataba mirefu, kisha mwaka 2006 wakalirudisha kwenye soko la hisa likiwa na deni lililopita pauni bilioni 1. Woolworths nayo ilipotenganishwa na kampuni mama mwaka 2001, majengo zaidi ya 180 yalikuwa yameuzwa, na kodi za pango zikawa juu ya mabega yake.

Kuna pia BHS. Hili lilikuwa duka la nguo, taa na vyombo lililoanza mwaka 1928. Sir Philip Green alilinunua mwaka 2000 kwa pauni milioni 200, na katika miaka ya mwanzo, faida ilipokuwa nzuri, mamia ya mamilioni ya pauni yalitolewa kama gawio. Mwaka 2015 aliliuza kwa pauni 1. Sikukosea, nimesema pauni moja. Aliyelinunua, Dominic Chappell, aliwahi kutangazwa mufilisi, tena si mara moja. Mwaka uliofuata duka likaanguka. Watu 11,000 wakakosa kazi, na mfuko wa pensheni ukakutwa na pengo la pauni milioni 571. Wabunge waliwaita wahusika mmoja baada ya mwingine kuwahoji, na mwaka 2017 Green alikubali kulipa hadi pauni milioni 363 kuziba sehemu ya pengo lile. Mwanamke aliyekunja mashuka ya BHS kwa miaka thelathini hakuuliwa kazi yake na tovuti.

Walio Nairobi wanaweza kuwauliza wazazi wao habari za supamaketi ya Nakumatt. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi za Afrika Mashariki, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Iliangushwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na wakati huo wateja wengi wa Nairobi walikuwa bado wakinunua unga na sukari kwa miguu yao.

Haya, nimeahidi kutaja sehemu ya intaneti. Bezos alianzisha Amazon mwaka 1994, akaanza kuuza vitabu Julai 1995, na Oktoba 1998 akafungua tawi la mtandaoni la Uingereza. Nguvu yake haikuwa bei peke yake. Duka la barabarani lina ukuta, na ukuta una mwisho. Ghala la Amazon linaweza kuwa na ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira, na halihitaji kukaa mahali watu wanapopita. Kodi ya majengo ya Uingereza hukadiriwa kutokana na thamani ya pango ya jengo. Katikati ya mji pango ni ghali, kwa hiyo kila mita ya duka hulipiwa zaidi kuliko mita ya ghala lililo shambani kando ya barabara kuu. Kodi hiyo haiulizi umeuza au hujauza. Muuza viatu analipa kwa ajili ya dirisha lake, naye anayeuza viatu vilevile kupitia simu hana dirisha la kulipia. Kwangu mimi huo ni udhalimu ulioandikwa na sheria, na serikali moja baada ya nyingine zimeahidi kuurekebisha.

Takwimu za taifa za Uingereza zinaonyesha mwendo wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2006, katika kila pauni 100 zilizotumika kwa manunuzi ya rejareja, chini ya 3 zilipita mtandaoni. Mwaka 2019 zilikuwa karibu 19. Ikaja korona. Machi 2020 maduka yote yasiyouza mahitaji ya lazima yakaamriwa kufunga milango, na mwanzoni mwa mwaka 2021 zile 19 zikaruka hadi zaidi ya 35. Milango ilipofunguliwa zikashuka tena, na tangu hapo zimekuwa robo na kidogo juu yake. Fanyeni hesabu wenyewe. Hata leo, katika pauni 100, zaidi ya 70 hutumika kwa mtu kuingia mahali na kutoka na mfuko mkononi.

Kazi nazo zilihama. Katika mji wa Rugeley, Staffordshire, mgodi wa makaa ya mawe ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miaka ishirini hivi baadaye Amazon ikafungua ghala kubwa jirani na pale ulipokuwa mgodi. Ndani yake wafanyakazi walitembea kutwa kati ya rafu, kifaa cha mkononi kikiwaelekeza kwenye bidhaa inayofuata na kuhesabu kasi yao. Mji uliofurahia kupata ajira ulijikuta ukijadili ni ajira ya namna gani. Muuzaji wa Woolworths alikuwa na mshahara mdogo pia, lakini alijua mama yako anaumwa, na alikuuliza anaendeleaje.

Woolworths ilikufa katika majira ya baridi ya mwaka 2008, katikati ya msukosuko wa fedha wa dunia. Ilidaiwa pauni milioni 385. Maduka 807 yalifungwa kwa zamu kuanzia siku chache baada ya Krismasi, na ya mwisho yalifungwa tarehe 6 Januari 2009, miezi kumi tu kabla ya kutimiza miaka mia. Watu wapatao 27,000 walikosa kazi. Katika siku zile za mwisho hata rafu ziliuzwa. Na ule mfuko wa mwisho wa peremende za kuchanganya, uliojazwa katika tawi la Petts Wood, kusini mashariki mwa London, ulinadiwa kwa ajili ya hisani. Ulinunuliwa kwa pauni 14,500. Mnada wenyewe ulifanyika eBay, mtandaoni.

Debenhams ilifuata, na hapa hadithi inagusa kwetu. Katika miaka ya 1960 familia moja ya Kihindi iliondoka Kenya ikahamia Manchester. Baba aliuza mikoba sokoni. Mwanawe, Mahmud Kamani, aliyezaliwa Kenya, alikulia katika biashara hiyo, na mwaka 2006 yeye na Carol Kane walianzisha Boohoo, kampuni ya kuuza nguo za vijana mtandaoni peke yake. Januari 2021, Debenhams ikiwa imelala hoi, Boohoo ilinunua jina na tovuti yake kwa pauni milioni 55. Maduka 118 hayakuwamo katika bei hiyo, wala wafanyakazi wapatao 12,000. Mwezi wa Mei milango ya mwisho ikafungwa. Siku chache baada ya Boohoo kununua jina hilo, ASOS, kampuni nyingine ya nguo za mtandaoni, nayo ilinunua Topshop, jina la maduka ya nguo, kwa namna ileile, jina bila kuta. Na mwezi Machi 2025 kampuni ya Boohoo ikajiita Debenhams Group, kwa kuwa jina la duka lililokufa lilikuwa na heshima kuliko la aliyelirithi.

Mtoto wa muuza mikoba kufika hapo ni jambo la kusifiwa, nami nalisifu. Lakini bei za chini zina mahali zinapotoka. Mwaka 2020 wakili Alison Levitt, aliyeombwa na kampuni yenyewe kuchunguza, aliripoti kwamba madai kuhusu mishahara duni na mazingira mabaya katika viwanda vya Leicester vilivyoishonea Boohoo yalikuwa ya kweli kwa kiasi kikubwa. Gauni la bei ya chakula cha mchana linashonwa na mtu, na mtu huyo hula chakula cha mchana pia.

Nimeitaja Leicester, basi tukae huko kidogo, kwa sababu mji huo una mtaa ninaoupenda kuliko yote katika hadithi hii. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Wapatao 28,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasiende kwake, mji umejaa. Walikwenda vilevile. Walikuwa wamenyang'anywa maduka ya Kampala na Jinja, na fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kidogo, lakini ujuzi wa kukaa dukani hauchukuliwi na askari wa mpakani. Barabara ya Belgrave Road ilikuwa imechakaa, maduka mengi matupu. Wao na wenzao waliotoka Kenya na Tanzania wakayapanga moja baada ya jingine. Wakauza sari, dhahabu, mithai, viungo. Wakafungua mapema na kufunga usiku. Leo mtaa ule ni maarufu nchi nzima, na wakati wa Diwali maelfu ya watu hujaa chini ya taa zake.

Kwa nini Belgrave Road imesimama na Debenhams imelala? Bibi harusi hanunui sari ya harusi kwa kuitazama kwenye kioo cha simu. Anataka kuishika, ajifunge begani, shangazi zake wamzunguke, mmoja akatae, mwingine asifu, muuzaji ateremshe kumi nyingine bila kununa. Dhahabu inapimwa mbele ya macho yako. Mithai inaonjwa. Na mwenye duka yupo mwenyewe nyuma ya kaunta. Akikosea leo, kesho atakutana nawe hekaluni.

Maduka ya vitabu yananipa moyo zaidi, maana ndiyo yaliyopigwa kwanza. Amazon ilianza na vitabu, na maduka ya vitabu yasiyo ya kampuni kubwa yakapungua mwaka baada ya mwaka, hadi yakafika 867 mwaka 2016, Uingereza na Ireland pamoja. Wengi walishayaandikia tanzia. Kufikia mwaka 2022 yalikuwa yamepita 1,000. Kampuni kubwa ya Waterstones nayo iliokolewa na mtu mmoja mwenye akili, James Daunt, aliyekabidhiwa kuiongoza mwaka 2011. Zamani wachapishaji waliilipa ili vitabu vyao vikae mbele. Daunt aliikataa fedha hiyo. Akawaambia wasimamizi wa kila duka: ninyi mnawajua watu wa mji wenu, chagueni wenyewe. Msomaji akiingia akakuta kitabu kimewekwa mbele, alijua kuna aliyekisoma akakipenda.

Hata jengo la Topshop pale Oxford Street, London, halikubaki tupu. Lilinunuliwa na IKEA, kampuni ya samani iliyozoea kujenga maghala yake makubwa nje ya miji, nayo ikafungua duka humo Mei 2025. Waliotuvuta kwenda nje sasa wanalipa fedha nyingi kurudi katikati.

Mtaniuliza, na sisi je? Jumia, kampuni kubwa ya kuuza mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa mwaka 2019. Lakini Kariakoo haikumsubiri mtu wa kuifundisha. Muuza vitenge anapiga picha asubuhi, anaweka Instagram na WhatsApp, mteja wa Mbeya anatuma fedha kwa simu, mzigo unapanda basi usiku. Aliyeko mjini analetewa na bodaboda. Duka na simu vimelala chumba kimoja, na wengi wenu mnaonisikiliza mtapata riziki yenu ya kwanza humo.

Kwa hiyo nina ombi kwenu ninyi mtakaouza. Siku hizi napita kwenye kurasa za vijana wetu, naona kiatu kizuri, picha tatu safi, na chini yake maneno: bei njoo inboksi. Kwa nini inboksi? Ili umpime mteja kwanza, uone anatoka wapi, anaandika Kiswahili gani, ana sura ya pesa kiasi gani, kisha umtajie bei yake peke yake. Huko ndiko kurudi nyuma ya ile kaunta ambayo Marks na Woolworth waliiondoa zaidi ya miaka mia iliyopita. Andikeni bei. Iandikeni chini ya picha, mbele ya kila mtu, ileile kwa tajiri na kwa mtoto wa shule. Pigeni picha ya kiatu chenyewe kilicho mkononi mwenu, msiiazime ya Uchina. Na kikifika kimepasuka, pokeeni simu.